Sakafu Ambayo Mama Mkwe Hakuiomba

Mama mkwe alipoletwa Isiolo mjini kutoka Merti ili awe karibu na kliniki ya presha, tulimpa chumba chetu kizuri kuliko vyote, chenye feni na dirisha la vioo. Alilala humo siku chache, kisha akatangaza kwamba mabati yanamchemsha kichwa na kwamba yeye hawezi kuzeekea katika nyumba ya mtu. Ama ajenge yake uani, ama arudi Merti. Kwa Waborana wa kwao nyumba ni ya mwanamke: anaijenga, anaifungua na kuhama nayo. Tulijua akirudi Merti dawa zitaachwa, kwa hiyo tulikubali upesi.

Mume wangu ni dereva wa lori. Safari iliyofuata alimletea fito na mikeka yake, vyote vikinuka mbuzi. Mama mkwe alizichimbia fito, akazikunja, akazifunga kwa kamba. Mimi, mzaliwa wa mjini, kazi yangu ilikuwa kushika na kugombezwa.

Miaka ile kaunti ilikuwa ingali mpya na rangi nyekundu ilikuwa nyingi. Ukijenga bila ramani kupitishwa, unaamka na kukuta X ya kubomolewa ukutani. Basi afisa wa majengo alipobisha geti, nilishikwa na woga. Aliizunguka nyumba, akatikisa ufito mmoja, akauliza, "Hii inaweza kufunguliwa ibebwe?"

"Ngamia moja tu," mama mkwe akajibu kutoka ndani.

Afisa akacheka. Alisema kwake hilo ni hema tu, halihitaji ruhusa, kama vile kupaka rangi au kubadilisha mlango kusivyohitaji. "Lakini mkichimba msingi ama mkimwaga simenti, mkuje ofisi kwanza."

Nilimweleza mume wangu neno kwa neno, naye akaitikia. Kisha mama mkwe akaenda Rapsu kwenye harusi ya jamaa, na mume wangu akaanza kuhangaika. Watu watasema nini? Mwenye lori analaza mamake kwenye vumbi! Nikamkumbusha maneno ya afisa.

"Sakafu si msingi," akasema, utafikiri sheria ameipitisha yeye.

Fundi akaja, wakakoroga, wakamwaga simenti ndani na kuzunguka miguu yote ya fito. Ilipendeza, siwezi kukataa. Lakini nilikasirika, kwa sababu katika haya yote hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba.

Afisa alirudi kabla ya mama mkwe. Akatikisa ufito ule ule, haukutikisika. "Sasa hii haibebeki," akasema. Mikeka haishiki rangi, kwa hiyo alipiga X kwenye simenti mbele ya mlango, akatuagiza tulete ramani au tuondoe nyumba hapo.

Mama mkwe alifika, akatoa salaam, akaiangalia ile X.

"Nani amefunga nyumba yangu na mawe?"

Mume wangu akaanza habari za vumbi. Mama mkwe aliingia ndani akaanza kufungua mikeka, mmoja baada ya mwingine, na kuikunja kama mtu anayesubiri usafiri. Machozi yalinitoka. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama nyuma yake akibembeleza, "Aayo, mama yangu, usiende. Nitavunja simenti yote leo."

"Leta msumeno," mama mkwe akasema.

Alizikata fito pale pale zilipotokea kwenye simenti. Akazibeba, akaivuka sakafu ya mwanawe, akaenda kuchimba mashimo mapya kwenye udongo kando ya ua. Ndipo nikapumua. Ilipofika zamu ya kamba, alinipa mimi. "Funga wewe," akasema, na mara hii hakunigombeza sana.

Afisa alipokuja tena alitikisa ufito, ukatikisika, akaenda zake. Ile sakafu ikawa mahali pangu pa kufulia nguo, ingawa visiki vya fito bado vinanikwaza vidole.

Nyumba ilitoka fupi. Mume wangu ni mrefu, na kila asubuhi akienda kumsalimu mamake ilimbidi ajikunje mlangoni. Mwishowe akamwambia atamletea fito ndefu kutoka Merti.

"Acha," mama mkwe akasema, akimeza dawa yake. "Hii yangu inanitosha. Wewe utainama."