Daftari la Mabaki

Ngoja kwanza nijitetee, maana mtu akisikia kwamba nilijiunga na klabu ya kurusha ndege za kwenye kompyuta nikiwa na miaka hamsini na mbili, ataona akili zimeniruka. Sikwenda kwa kupenda. Mke wangu ndiye aliyenikalia kooni.

"Nenda na mdogo wangu," aliniambia. "Siku hizi mahali pekee anapocheka ni pale. Na wewe Jumamosi nzima unagombana na televisheni. Nendeni wote wawili, mnipunguzie kelele."

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, watu humwita Taratibu. Jina hilo nilimpa mimi mwenyewe tukiwa kazini. Mimi ni fundi wa lifti, huu ni mwaka wa ishirini na sita, naye alikuwa msaidizi wangu kwa miaka saba. Ukimpa nati akaze, ataikaza, ataijaribu, ataifuta mafuta, halafu ataijaribu tena. Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa namfokea, "Wewe Taratibu, hii lifti inasubiriwa na watu, siyo mizimu!" Yeye alicheka tu na kuendelea kufuta.

Nasema "alikuwa" kwa sababu mwaka jana alifukuzwa kazi. Tulibadilisha breki ya lifti kwenye jengo moja la ofisi, ghorofa kumi. Siku mbili baadaye lifti ikateleza ghorofa mbili ikiwa na watu watatu ndani, na mama mmoja, karani wa ghorofa ya sita, akavunjika mguu. Tulipopanda kukagua tukakuta nati mbili za breki zimelegea. Meneja akanipa fomu nijaze. Nikaandika kwamba nilimwagiza msaidizi wangu azikaze, akasahau.

Uongo mtupu. Nati zile nilikuwa nazikaza mimi. Simu ikalia, jirani yangu ananiletea maneno kuhusu ukuta wa uani, nami nikatoka kwenye chumba cha mashine nikibishana naye mpaka nikafika chini. Sikurudi. Taratibu alibaki kule juu akikusanya vifaa, akidhani nimeshamaliza. Siku ile ya fomu nilimkazia macho nikamwambia, "Nilipotoka kupokea simu si nilikwambia umalizie zile nati?"

Akanitazama. "Uliniambia, shemeji?"

"Nilikwambia, nawe ukajibu sawa."

Akakuna kichwa, akafikiri, kisha akainama. Aliniamini. Mpaka leo nikikumbuka alivyoinama natamani kujificha.

Haya, tuje kwenye klabu. Ni chumba kimoja juu ya duka la kuchapisha kadi, harufu ya wino inapanda mpaka juu. Kompyuta tatu, pazia zito, usukani, pedali, na kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye gari bovu. Wanachama kumi na mmoja. Mkubwa wao ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na katibu ni nesi mmoja mwenye sauti ya kumwamsha hata aliyechomwa sindano ya usingizi. Taratibu ndiye mtunza ufunguo.

Siku ya kwanza tulipotoka, Taratibu alifunga mlango, tukashuka ngazi, tukafika barabarani. Akarudi juu kujaribu kitasa. Akashuka. Akarudi tena. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Shemeji, mlango unaufunga au unauposa?"

Akacheka kidogo. "Nisamehe. Siku hizi sijiamini. Hata nyumbani jiko la gesi nalikagua mara nne ndipo nilale. Tangu yale mambo ya lifti, unajua."

Najua! Nani ajue kama si mimi? Nikajitia hamnazo, nikaanza kuongea habari za mpira.

Sasa, klabu ile ina daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, wanaliita Daftari la Mabaki. Ukiangusha ndege, unaandika humo ulivyoiangusha, kisha unasimama na kusoma kwa sauti. Neno la kwanza lazima liwe "Mimi". Siyo upepo, siyo kompyuta. Na hakuna ruhusa ya mtu kucheka mpaka mwenyewe ucheke kwanza. Mwalimu anasema rubani asiyejua kusema "mimi" ataua watu wale wale kila wiki.

Jumamosi ya tatu nikatua uwanjani na abiria kumi na tisa, magurudumu yakiwa bado tumboni mwa ndege. Moto, moshi, kioo chekundu. Nikaletewa daftari. Nikaandika: "Pedali ya kushoto ni mbovu."

Mwalimu akachungulia. "Pedali haina leseni ya urubani. Anza na Mimi."

"Mimi nilipewa pedali mbovu!"

"Na magurudumu je?" Nesi akauliza. Nikaona watu wanauma midomo wasicheke. Jamani, mtu mzima mwenye mvi zangu! Nikawageuzia mgongo, nikaanza kufunua kurasa za nyuma nione wenzangu waliandikaje, nipate cha kuiga. Ndipo nikakutana na mwandiko wa Taratibu. Naujua, ni ule ule wa kwenye kadi za ukaguzi, herufi moja moja kama anazipima kwa rula.

"Mimi leo sikuangusha ndege," alikuwa ameandika. "Lakini mmesema daftari hili ni la ukweli, na huu ndio ukweli ninaotembea nao. Mimi sikukaza nati mbili za breki. Lifti iliteleza ikiwa na watu watatu, mama mmoja akavunjika mguu. Nimejaribu kukumbuka nilivyosahau, sikumbuki. Ila shemeji yangu alikuwepo, na shemeji yangu si mtu wa kusema uongo."

Tarehe ilikuwa ya mwaka jana, miezi miwili baada ya kufukuzwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe watu wote mle chumbani walishalisikia hili, alilisoma kwa sauti, amesimama. Nikainua macho. Taratibu alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, visikizio masikioni, anacheka na kinyozi mmoja juu ya ndege iliyogoma kupaa. Nikaandika haraka, "Mimi nilisahau magurudumu," nikasoma, wakanipigia makofi ati nimeshakomaa. Makofi yale yaliniuma kuliko tusi.

Jumapili tukakaa kula. Mke wangu alinipakulia mnofu mkubwa, akasema, "Asante kwa kwenda naye. Jana ametoka hapa anapiga mluzi." Nikatafuna kama natafuna karatasi. Nilijitetea kichwani kwa kila namna: nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nina mtoto chuoni, mguu wa yule mama umeshapona, na Taratibu mwenyewe ana kibanda chake cha kutengeneza feni na pasi, hafi njaa. Nilizipanga hoja hizo moja baada ya nyingine, na kila moja niliijua kuwa ni woga. Mwanamume mzima nilikuwa nimejificha nyuma ya mtu mpole kuliko wote ninaowajua.

Jumamosi iliyofuata tulikuta kiti kipya. Mwalimu alikuwa amehangaika na mchomeleaji mpaka wakapata fremu na mota ya kukitikisa kiti, rubani asikie ndege inavyoyumba. Zilibaki nati nne tu za kukishika chini. Nesi akachukua spana, akamnyooshea Taratibu.

"Fundi, hii ni kazi yako."

Taratibu akaificha mikono nyuma, mbio, kama aliyeonyeshwa moto. "Hapana, dada. Mimi siyo. Mtu atakaa hapo atadondoka." Kisha uso ukamchangamka. Akaipokea spana, akaja nayo mpaka nilipokaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mpeni shemeji. Mikono ya kuaminika ni hii."

Hakuwa ananisuta, laiti angekuwa ananisuta! Alisema kwa moyo wake wote, tena kwa fahari, mbele ya watu.

Nikaishika ile spana. Nikasema, "Mwalimu, nipe daftari."

"Hujaangusha kitu leo."

"Nipe!"

Nikaandika nimesimama, nimeliegemeza ukutani, maana nilijua nikikaa sitainuka. Kisha nikasoma. Sauti ilitoka ndogo, sikuijua kama ni yangu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakaza zile nati za breki. Simu ililia, nikaziacha. Sikumwagiza mtu yeyote amalizie. Nilipoletewa fomu niliogopa, nikaandika jina la shemeji yangu. Yeye hakusahau kitu."

Chini mashine ya kuchapisha ilikuwa inagonga. Taratibu akanisogelea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Hukuniambia nimalizie?"

"Sikukwambia."

"Na mimi sikujibu sawa?"

"Hukujibu. Nilitunga."

Akajishika paji la uso. "Mwaka mzima, shemeji," akasema polepole. "Mwaka mzima nimeitafuta hiyo sawa kichwani mwangu."

Nilipoitoa samahani alikuwa ameshanigeuzia kisogo. Aliichukua spana mkononi mwangu, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akakaza nati ya kwanza, akaijaribu, akaifuta, akaijaribu tena. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akaketi yeye mwenyewe, akamwambia Mwalimu awashe mota. Kiti kikamtikisa huku na huku, naye ametulia, machozi yanamtoka hayafuti.

Siku hiyo hakuna aliyerusha ndege. Watu walichukua mikoba yao mmoja mmoja wakaondoka, na Nesi alinipita bila kunitazama. Tukabaki wawili mlangoni.

"Jumatatu nakwenda kwa meneja," nikamwambia. "Nitaandika fomu nyingine."

"Utakwenda." Hakuwa ananiuliza. Akatoa ufunguo. "Dada anajua?"

"Hajui."

"Atajua leo. Na atasikia kwako, siyo kwangu."

Akafunga mlango, akavuta kitasa mara moja, akautia ufunguo mfukoni, akashuka ngazi akanipita bila kuaga. Nilimfuata mpaka barabarani, nikasimama mbele ya duka la kadi kumsubiri ageuke arudi kukagua, kama desturi yake. Hakugeuka. Alifika kwenye kona akakata, nikawa simwoni tena.

Nikapanda ngazi mwenyewe, nikajaribu kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Nikashuka, nilipofika katikati nikarudi kuujaribu tena. Kisha nikaenda nyumbani kumwambia dada yake.