Bwana Harusi Aliyeota Ndevu Ukutani

Saa moja asubuhi, Malindi, Lushoto. Ukungu umeingia dukani kabla ya wateja. Hamza Athumani, mpiga picha, anafungua kabati la mbao ambalo chini yake inawaka balbu moja, na kuwajulia hali maharusi waliolala humo, kila mmoja juu ya karatasi yake.

"Mwali hatolewi siku aliyoingia," anasema, akigusa picha kwa mgongo wa kidole. "Na picha ni hivyo hivyo. Ukiitoa mapema inakuaibisha."

Aibu anaijua. Printa yake aliinunua mtumba Tanga mwaka 2004, baada ya kuuza viazi vya msimu mzima, na sifa yake ikawa kasi: harusi mchana, jioni picha iko kwenye fremu. Hakujua kwamba wino ukikauka juu, ndani ya karatasi bado kuna unyevu. Ukiubana kwa kioo, na ukungu wa huku ukisaidia, wino hutafuta pa kwenda.

Kwa Zabron, mkwe wa Rahabu Nathanaeli, ulikwenda kidevuni. Picha ikiwa ukutani kwa Rahabu, weusi wa suti uliipanda kola taratibu, masika nzima.

"Mkwe wangu alioa hana ndevu," anasema Rahabu, ambaye majirani humwita Mama Happiness, kwa jina la binti aliyeolewa na Zabron. "Wageni wakaanza kuniuliza huyu shehe ni nani."

Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya kabichi. Mwaka uliofuata Hamza alipata harusi mbili, badala ya nane alizozoea.

Akatafuta dawa. Kwanza alizipandisha picha darini, juu ya moto wa jikoni, mama yake anapohifadhi mahindi ya mbegu. Zilikauka vizuri sana. Maharusi wakatoka na rangi ya chai, wakinukia moshi.

Ndipo likaja kabati. Sasa picha hukaa ndani wiki moja, na kwenye fremu huweka vipande vya kadibodi pembeni ili kioo kisiguse uso wa mtu.

Leo ni siku ya hukumu. Kabla ya masika alimchapia Rahabu picha mpya ya Zabron, itundikwe msumari ule ule. Binti wa pili, Secilia, anaolewa Jumamosi. Ndevu zikionekana, mpiga picha ataletwa kutoka Lushoto mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Rahabu anaingia, anafungua kanga aliyofungia picha, anainua fremu kwenye mwanga wa mlango, anamkagua mkwe wake kama anayemtafuta chawa.

"Amenyoa," anatamka.

Hamza anashusha pumzi, mapema mno.

"Basi za Secilia nizipate Jumamosi ile ile. Wakwe wanateremka naye bondeni, Magoma, Jumapili."

"Haiwezekani, mama. Wiki moja."

"Wa mjini anatoa siku hiyo hiyo."

"Hata mimi nilikuwa natoa siku hiyo hiyo."

Rahabu anakunja kanga polepole. Happiness yuko Tanga, na tangu aolewe hajaupanda mlima huu hata mara moja.

"Kwa hiyo Secilia atapanda kuzifuata?"

"Yeye, au amtume mtu."

"Mtu mwingine usimpe." Anaitia fremu kwapani. "Na wiki haitoshi. Ziweke ndani mwezi."

Hamza habishi. Mteja akishaondoka, anapima ukuta wa pili kwa mikono. Anataka kabati lingine kabla ya vuli.

"Mabinti wa huku wengi wanaolewa bondeni," anasema. "Mama zao wakisikia, hili moja halitatosha."