Kabula Alikata Utepe Peke Yake

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule ya msingi huko Kishapu, michezo ilikuwa na taratibu, na taratibu zilifuatwa. Kila darasa lilipewa nchi yake, kama kwenye Olimpiki. Tuliandamana nyuma ya bendera za karatasi zilizogandishwa kwa uji wa muhogo, Ugiriki ikitangulia kwa heshima ya kuiasisi michezo hiyo, Tanzania ikifunga msafara kwa kuwa ndiyo mwenyeji. Mwenge wetu ulikuwa kopo la maziwa lenye matambara na mafuta ya taa. Nahodha alikula kiapo jua likimchoma utosini. Vijana wa leo huziita hizo mbwembwe, kisha wanafungulia spika.

Mimi sikujua kukimbia, hivyo mwalimu mkuu alinikabidhi daftari la matokeo.

Mwaka mmoja, katika mita mia nane za wasichana, jirani yetu Kabula alikuwa wa kwanza kukata utepe. Hakuna aliyemtazama. Umati ulikuwa umemkimbilia Minza, aliyekuwa nyuma sana, akikimbia huku akitikisa mabega kama mcheza ngoma. Kwetu Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana, mshindi ni anayevuta watu wengi. Wazazi wakaamua kwa sheria hiyo hiyo. Minza akabebwa juu juu. Kabula akabaki pale, akinitazama mimi.

Babu yake Minza, mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa zaidi, akanijia.

"Mjukuu wangu, huoni watu wako wapi? Andika."

"Shikamoo babu. Watu nimewaona. Utepe umekatwa na Kabula."

Akanung'unika kwamba shule inaharibu watoto. Mwalimu mkuu akalichukua daftari, akasoma, akatia sahihi. Kesho yake Kabula aliniletea michembe, viazi vilivyokaushwa na mama yake, kikapu kizima.

Mwaka huu mjukuu wake Kabula amekimbia mashindano ya shule hapa wilayani. Hapakuwa na maandamano wala kiapo. Nilimwuliza mwalimu wa michezo, kijana mwenye adabu, nani aliyetangulia.

"Mzee wangu, video ipo kwenye grupu."

Nilivaa miwani, nikaitazama mara tatu. Mshika simu alimfuata msichana mwingine, aliyekuwa akiipungia kamera. Utepe hauonekani. Daftari? Hakuna.

Enzi zetu umati ulikosea vilevile, wala sisemi tulikuwa malaika. Lakini palikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutazama utepe. Kabula ameniuliza mara mbili kama mjukuu wake alishinda. Nami, niliyestaafu nikiwa mtunza kumbukumbu, nimemjibu kwamba sijui.