Mama Spika alisifu spika za bei rahisi, sasa anayaogopa masikio yake

Saa mbili asubuhi. Mama Spika ameinama juu ya meza ya karakana yake, mkononi ana betri ya tochi na nyaya mbili fupi. Anazigusisha nyuma ya spika kubwa, nayo inakohoa kwa sauti nzito. Hiyo ni nzima, anaisogeza pembeni.

Kisha anachukua vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ambavyo mafundi huviita twita. Anagusisha cha kwanza, anasogeza sikio. Anagusisha cha pili. Halafu anamgeukia mdogo wake, anayeshona nguo karibu na mlango.

"Zimelia?"

"Zimelia, dada. Zote mbili," mdogo wake anajibu, macho yakiwa kwenye cherehani.

Mama Spika anaziweka twita mezani polepole, kama mtu anayetua mayai. Yeye hakusikia kitu.

Mwanamke huyu amepita umri wa miaka hamsini, na kazi hii aliianza akiwa msichana. Aliacha shule darasa la nne, mjomba wake fundi redio akamkalisha kwenye benchi amshikie tochi. Tochi ikageuka chuma cha kulehemu, na mpwa akageuka fundi.

Mtaani anajulikana kwa jambo moja kuliko yote: hazitaki spika za majina makubwa. Yeye huchukua spika rahisi zenye koni ya karatasi, huzitengenezea masanduku ya mbao, na kuziuza jozi kwa jozi. Bei ya jozi haifiki kodi ya mwezi ya hiyo karakana, lakini ndizo zinazowalisha yeye na mdogo wake.

Sababu zake anazo. Sebule ya mtu wa kawaida, anasema, ni makochi mawili na kabati la vyombo. Ukiingiza humo spika kubwa inayosifiwa, ni kama umefunga ng'ombe chumbani: besi inakosa pa kutokea, vikombe vinacheza kabatini, na maneno ya wimbo huyapati. Za kwake zinaleta sauti ya mwimbaji mbele, peupe, na zikichanika unaziba kwa gundi na kipande cha kitambaa.

Wateja waliokuja na zile za kifahari alikuwa akiwatania mbele za watu. Aliwaambia wamesikiliza bei, muziki hawajausikiliza. Watu walicheka, na wengine waliondoka na jozi ya mbao.

Hayo yote yalikuwa kabla ya zawadi ya mkwe.

Mkwe wake ni mume wa binti yake wa pekee, kijana mwenye adabu ambaye hata leo haketi mpaka aambiwe karibu kiti. Alijinyima muda mrefu akamnunulia mama mkwe jozi ya spika zinazosifiwa na kila ajuaye muziki. Akaziweka mwenyewe sebuleni, akafungulia wimbo, akarudi nyuma na mikono kifuani, akingoja furaha.

Mama Spika alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, kwa upole wa mtu anayejua anaumiza, "Mkwe wangu, Mungu akuzidishie. Lakini hawa wanaimba wamejifunika blanketi."

Kijana alitabasamu. Mdogo mtu, ambaye miaka yote hajawahi kumpinga dada yake kwa habari ya sauti, ndiye aliyeweka sindano chini.

"Dada, blanketi liko wapi? Mimi nasikia mpaka wanavyovuta pumzi. Za kwako ndizo zinanichoma masikio. Nilinyamaza kwa kuwa ni kazi yako."

Wakaamua kupima. Mama Spika aligeukia ukuta, mkwe akapiga wimbo uleule kwenye jozi zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Kila mara yeye alichagua zile za mbao. Kila mara wale wawili walichagua nyingine. Ubishi ungeishia kwenye kicheko, kama mkwe asingesema kwamba kinachomfurahisha zaidi ni yale matoazi madogo yanayoanza wimbo.

"Matoazi yapi?" Mama Spika aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Kwenye spika zile nzuri matoazi yalisikika kama mvua nyembamba, naye hakuyapata kabisa. Kwenye zake za bei rahisi yalikuwa yanapiga kelele, na ndipo yeye alipopata chembe yake.

Tangu hapo hofu ilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Alianza kutega masikio kwa kila kitu, birika, kengele ya baiskeli, mlio wa simu. Akimwona mdogo wake ameinua kichwa, naye anainua, akijifanya amesikia.

Lakini jambo lililomkosesha raha hasa lilikuwa moja. Mwezi uliopita, kabla ya zawadi ya mkwe, mzee mmoja, karani mstaafu, alimletea jozi yake ya thamani, upande mmoja ukififia. Mama Spika aliunga waya uliolegea, kisha akapima twita kwa betri, hakusikia kitu, akaamini zimekufa zote. Akazitoa akaweka za bei rahisi, zenye sauti kali. Zile alizozitoa ndizo alizopima asubuhi hii.

"Mtu amenikabidhi kitu kizima, mimi nikakiua," anasema, akizitazama mezani. "Huyo mmoja namjua. Wengine ni wangapi?"

Wiki iliyopita alikwenda hospitali kupimwa. Walimfungia kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, wakamvika vipokea sauti masikioni, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Anasema alisikia moyo wake kuliko mlio wowote, na mara nyingine alibonyeza kwa woga tu.

Mpimaji, binti wa rika la mtoto wake, hakumficha. Sauti nene bado anazo. Nyembamba zimekwenda, masikio yote mawili, na hazirudi. Kazi ya miaka ya kufungulia spika kwa nguvu karibu na uso imezila. Kilichobaki kinaweza kulindwa.

Mama Spika aliuliza kama mtu wa namna hiyo bado ni fundi. Binti akamjibu, "Mama, mikono sikuipima."

Alicheka njiani kote, kisha akalia alipofika nyumbani. Fundi wa spika asiyesikia nani atampa kazi? Mdogo wake alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. Mzee hajalalamika, mtaa haujui, kwa nini ajiumbue mwenyewe? Mama Spika aliitafuta namba. Alimpigia mzee simu, akamwomba azilete tena spika.

Saa nne mzee anafika, spika moja kifuani, na mkewe nyuma yake amebeba ya pili imefungwa shuka. Mama Spika hawakaribishi viti kwanza. Anasimama akisema yote: masikio yake, kosa lake, twita zilizo mezani. Vidole vyake vinazungusha ile betri ya tochi bila kukoma.

Mzee anamtazama kwa mshangao. Yeye, anasema, hajawahi kuzifurahia spika zake kama tangu zitoke hapa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka anayapata maneno ya nyimbo vizuri, na hataki ziguswe.

"Yeye anayapata," mkewe anadakia. "Mimi tangu siku ile nasikilizia jikoni, mlango nimefunga. Fundi, rudisha vitu vyangu."

Mdogo mtu anaangua kicheko juu ya cherehani. Mzee anacheka, na Mama Spika anacheka wa mwisho, baada ya kuwatazama wote usoni na kuhakikisha kwamba si yeye anayechekwa.

Anawasha chuma cha kulehemu. Twita zinarudi mahali pake bila malipo, mke akisikiliza na kutoa hukumu, upande wa kushoto na wa kulia. Mzee anazunguka karakana kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mwishoni anainama mbele ya jozi ndogo ya mbao, anauliza kama inaweza kukaa barazani, mbali na mwenye masikio. Anaondoka nayo.

Hofu haijaisha. Mama Spika anawatafuta wateja wengine aliowabadilishia twita, na hajui watamjibu nini. Mpango wake ni kumfundisha mdogo wake kupima sauti nyembamba, yeye abaki na nene na kazi ya mikono. Spika za bei rahisi bado anazipenda, na anasema atakufa akizipenda. Ila hukumu ameiacha.

Adhuhuri anaingia msichana anayeanza maisha na mumewe, anataka kujua jozi ipi ndiyo nzuri. Mama Spika anamvutia kiti, anapiga wimbo kwenye za mbao, kisha kwenye zile za mkwe, ambazo sasa amezihamishia karakana.

"Wewe unasikiaje, mwanangu?" anamuuliza, akisogea karibu ili jibu lisimpite.