Kipande ya muti niliyofunga kwenye frein ya papa

Admin, ficha jina yangu, hata kama watu wa kwetu watanijua kwa hii kipande ya muti. Niko mushichana wa miaka kumi na saba, naishi Likasi, nasoma mécanique mwaka wa tano. Darasani tuko wasichana wawili tu. Minye, mimi huyu, si mutu wa kusema. Mwalimu akiniuliza kitu, jibu linafika mudomoni na halitoki. Kwa Kifaransa halitoki, kwa Kiswahili pia halitoki. Kuandika tu njo nawezaka.

Papa iko na motokari ya zamani, ilikaa juu ya matofali katika lupango yetu, kiwanja cha nyumba, tangu niko shule ya primaire. Moteur yake, injini ya esansi, ile petroli, ilikufa. Mwaka huu akapata moteur ya mazutu, ya dizeli, ilitoka kwa minibus iliyopinduka njia ya Kakanda, akasema tutaiingiza sisi wenyewe hapa nyumbani. Sisi, maana yake yeye, shemeji Ilunga aliyeoa yaya, dada yangu mukubwa, na minye. Shemeji njo fundi wa motokari wa kweli. Papa ni mutu wa umeme ku usine, kiwandani. Minye nilikuwa wa kushika taa na kufinya pedali.

Siku tuliyokalisha ile moteur, shemeji hakukuwapo. Mupira moja nene unaotoka kwenye servo, ile sahani kubwa nyeusi inayosaidia mguu kufinya frein, zile breki, ukabaki unaning'inia. Kwa moteur ya zamani ulikuwa na mahali pake. Kwa hii, hapana. Papa akasema, "Funga hiyo, vumbi isiingie." Nikachonga kipande ya muti wa fagio, nikaipiga ndani, nikafunika na scotch nyeusi ya kunata, nikaupitisha mupira nyuma ya batri. Ukaonekana sawa vile ulitoka usine. Papa akacheka: "Muone! Mutoto ya minye iko na akili kupita bafundi!" Nilisikia utamu wiki muzima.

Moteur ikawaka, frein ikakataa. Pedali ilikuwa nguvu sawa libwe, jiwe kabisa. Tukatosha hewa ndani ya mafuta ya frein, minye kwenye pedali, shemeji chini karibu na gurudumu. "Pompa! Pompa! Kamata! Achia!" Wapi. Akabadilisha plaquettes zinazobana gurudumu, akabadilisha maître-cylindre inayosukuma mafuta ya frein, akaenda mpaka Lubumbashi kuzitafuta, tukarudia pompa, kamata, mpaka nilikuwa natembea sawa nkambo, bibi kizee. Ule mupira aliuona unapita nyuma ya batri. Mwisho wake hakuufuata. Nani angefikiri?

Jumamosi moja papa akachoka kungoja, akaitosha inje. Kwenye muteremuko wa avenue yetu akafinya, akafinya, motokari ikaenda kusimamia kwenye magunia ya mama mumoja anayeuzisha makala, mkaa wa kupikia. Mama akasema kwa sauti, "Papa, kama unatafuta makala, si ungetuma mutoto?" Avenue nzima ikacheka.

Papa akarudi na ile haya yote, akaimwanga juu ya shemeji, aliyekuwa anamungoja pale kwetu. Mama yangu yuko pale, majirani wako pale.

"Ilunga, hivi vyuma ulivitosha wapi?"

"Papa-mukwe, ni vya muzuri. Pengine kuko kitu ingine, tuangalie..."

"Hapana tuangalie! Unanileteya vyuma vya uongo. Unangoja nikufe ukamate lupango?"

Kwa wale hawajui: kwetu mukwe halaka chakula mbele ya mama-mukwe wake, anamupishaka njia. Kutukanwa mbele yake ni sawa kuvuliwa nguo. Shemeji akapangusa mikono, akaweka clef, spana yake, chini polepole sawa yai, akatoka. Sasa ni wiki tatu. Hawezi kukanyaga kwetu mpaka aliyemutukana amupelekee kuku mweupe. Papa anasema, "Minye? Nipeleke kuku kwa mutoto aliyeoa mutoto wangu? Hata siku moja." Yaya iko na mimba ya miezi saba. Akija, analia na mama nyuma ya nyumba, anarudi.

Halafu Jumatatu ya wiki hii mwalimu akachora servo ubaoni. Akasema moteur ya esansi inavutaka hewa, na ule uvutaji njo unasaidia mguu. Ya mazutu haivutaki hivyo, inaomba pompe yake ndogo ya kuvuta. Nikaacha kuandika. Nilifika nyumbani papa yuko kazini. Nikafanya vile mwalimu alisema: moteur imezima, nikafinya pedali mara nyingi, nikaikamata chini ya mguu, nikawasha. Servo ikisaidia, mguu unashuka kidogo. Haukushuka hata kidogo.

Vyuma vya shemeji havina kosa. Kosa ni la papa aliyesema funga, na la minye niliyefunga vizuri sana.

Jioni nikamufuata. "Papa..." "Nini?" "Chakula iko tayari." Njo mwisho wa ujasiri wangu.

Sasa anataka kutupeleka sisi wote Kapolowe siku ya Mungu, Jumapili hii, kuona nkambo, yaya pia ndani. "Nitafinya na miguu mbili, Mungu iko." Jana nikachukua funguo ya motokari, nikaizika ndani ya mufuko wa bunga, unga wa kupikia. Leo tangu asubuhi papa amepindua nyumba. Halafu akasema, "Ni Ilunga. Alipita hapa kuiba." Mama akamujibu, "Ilunga hapitaki tena hata njia hii. Uliifunga weye."

Sasa shemeji anabeba makosa yangu mawili. Nikisema, papa na mvi zake atapaswa kubeba kuku mpaka kwa mukwe wake, kitu hakuna mutu amekwisha kuona kwetu. Nikinyamaza, atachonga funguo ingine, na yaya atapanda.

Mababa wa page hii, ninyi njo nauliza zaidi. Binti yenu angewaambia namna gani, mumusikie mpaka mwisho? Nianzie kwa papa, ao kwa shemeji? Mujibu mbio. Leo ni Alhamisi, mama anateka bunga kila jioni, na imebakia ya bukari, ugali, ya siku mbili.