Bunduki ya Mgomba

Shangazi Biasha hakuweza kumwona mtoto amekaa bure. Ukikaa tu, anakutia kitu mkononi: karanga za kuchambua, nyuzi za mgomba za kutengenezea mwanasesere, vijiwe vya mdako. Ulimi wake ulikuwa mkali na alitutania mpaka tukataka kulia, lakini asubuhi ikifika tulikuwa tumeshajazana mlangoni kwake. Nyumba yake ilikuwa Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, nyuma ya soko, na ua wake ulizungushiwa matete, kona moja ikiwa na migomba. Mumewe, Waziri, alikuwa amepanda boti kwenda Kigoma kutafuta riziki, vita vikafunga njia, akabaki hukohuko. Shangazi aliishi kwa mandazi na kashata alizouza sokoni.

Mwaka ule wa tisini na saba tuliishi roho mkononi. Milio ya bunduki ilitoka upande wa milima ya Bugarama, siku nyingine mbali, siku nyingine karibu hata bati likatetemeka. Shule ilifungwa. Wakubwa hawakuwa na budi kutoka kutafuta chakula, basi wakawa wanatuacha kwa Shangazi. Mimi, Hamissi, nilikuwa mtoto wa kaka yake, kwa hiyo nilijiona mwenye nyumba. Asmani alikuwa jirani. Na Keren alikuwa binti wa Cibalonza, mama aliyetoka upande wa Uvira, ambaye aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule ufukweni.

Keren alikuwa mdogo kuliko sisi, na mdomo wake haukufungwa. Alisimulia ndoto zake, akabishana na kuku, akamuuliza Shangazi kwa nini ana ndevu. Kila asubuhi Cibalonza alimsukuma mbele kidogo na kusema maneno yaleyale: "Mama Biasha, niko na huyu tu. Unichungie yeye."

"Nitakuchungia," Shangazi alijibu. "Lakini masikio yangu nani atanichungia?"

Milio ikianza, Shangazi alikuwa na mchezo wake. Alisema, "Tucheze mawe," nasi tulikimbilia chini ya kitanda na kulala kifudifudi. Jiwe halisemi, halikohoi, halijikuni. Atakayetikisika hapati kashata. Nilikuwa nabana meno nisisikie yanavyogongana, na pembeni yangu nasikia pumzi ya Keren ikienda mbio. Nakwambia ukweli, si kashata iliyotunyamazisha. Tulikuwa tunaogopa kufa.

Siku ninayokusimulia milio ilianza mapema ikakoma. Tulilala mawe hadi adhuhuri. Tulipotoka, watoto tulikuwa wanyonge, hakuna aliyetaka mdako, hakuna aliyetaka wanasesere. Shangazi akatutazama, akachukua kisu, akaenda migombani. Akakata jani moja, akalichana pande zote mbili ukabaki ule uti wa kati. Kisha akaupasua mgongoni vipande vifupi, kimoja baada ya kingine, bila kuvikata kabisa. Ukivisimamisha na kuvipitishia kiganja kwa nguvu, vinajipiga vyote kwa mfululizo. Kila mtoto wa mwambao wetu anaijua bunduki hiyo. Shangazi alicheza nayo utotoni, na mama yake kabla yake, na siku ile hakuwaza zaidi ya hapo. Alitaka tu tucheke.

Tukacheka kweli. Alimpa Keren kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnyonge kuliko wote, akarudi jikoni kukoroga sukari ya kashata. Keren akasimama karibu na matete, akavisimamisha vile vipande, akavuta mkono.

Ta-ta-ta-ta-ta.

Nje ya matete, njiani, tulisikia watu wakijitupa chini. Kisha tukasikia vyuma. Mtoto wa vita hahitaji kufundishwa sauti ya bunduki inapokokiwa.

"Nani iko humo?"

Matete yakasukumwa, wakaingia wanaume wenye silaha, viatu vyao vya plastiki vimejaa tope. Sikujua ni wa upande gani na sikutaka kujua. Aliyetangulia macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nani amepiga?" akauliza. "Bunduki iko wapi?"

Mimi na Asmani tulikuwa tumeshapiga magoti, mikono kichwani, bila kuambiwa. Keren alibaki amesimama, uti wa mgomba mkononi. Yule mwanamume akamwelekezea bunduki. Nilitaka kumwambia Keren atupe kile kitu, nikashindwa.

Shangazi akatoka jikoni. Alitembea polepole, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akaja kusimama mbele ya Keren.

"Ni mugomba tu, baba," alisema. "Iko kitu ya kuchezea watoto. Nimetengeneza miye."

"Unadanganya. Tumesikia risasi. Huyo mutoto apige tuone."

Keren hakuweza. Mkono wake haukunyanyuka. Shangazi akautoa ule uti kwenye vidole vyake, akaanza kuvisimamisha vile vipande, kimoja kimoja, na sisi tukamtazama kana kwamba anatega bomu. Kisha akawatazama wale wanaume wote.

"Itapiga kelele," akasema. "Nawaomba, musishituke."

Akavuta mkono. Ta-ta-ta-ta-ta. Kijana mmoja nyuma alishtuka, bunduki yake ikapanda hadi begani, nikafumba macho. Nilisubiri. Nilipofumbua, mkubwa wao alikuwa ameushika mtutu wa kijana yule na kuusukuma chini.

Hakucheka. Alichukua ule uti akauweka chini, akaukanyaga mpaka ukatoa maji. "Tulikuwa karibu kuwamaliza wote," alimwambia Shangazi. Wakapita jikoni. Mmoja akachota kashata ambayo ilikuwa bado haijaganda, ikamuunguza, akaanza kuirusha kutoka kiganja hadi kiganja. Siku nyingine tungecheka hadi kujigaragaza. Wakaondoka na sufuria nzima.

Jioni Shangazi alimweleza Cibalonza yote, hakuficha kitu. Cibalonza hakumgombeza. Alimshika mwanawe kichwa, mabega, miguu. "Unaumwa wapi, mama?" aliuliza. Keren hakujibu.

Hakujibu kesho yake wala siku zilizofuata. Yule mtoto wa kubishana na kuku akawa anakaa ukutani, magoti kifuani, akimtazama kila mtu anayeingia. Chakula alikigusa na kukiacha. Mchungaji wa kanisa la mama yake alikuja kumwombea. Shangazi naye alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akaleta kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akamnywesha. Akamtengenezea mwanasesere mwenye nywele za katani, akamkaangia ndizi kwa mawese, akacheza mdako peke yake mbele yake huku akijiibia makusudi. Hakuna kitu. Majirani hawakukosa la kusema: mchuma janga hula na wa kwao. Cibalonza aliendelea kumleta asubuhi, lakini yale maneno yake ya kila siku hakuyasema tena, na hilo lilimuumiza Shangazi kuliko maneno ya majirani.

Siku moja Shangazi alitoka jikoni akatukuta na mchezo mpya. Asmani alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani. Mimi nilimwelekezea fimbo na kumfokea, "Bunduki iko wapi?" Keren alikuwa ukutani, akitutazama.

Nikajua nitachapwa. Shangazi alisimama tu, mwiko mkononi, sukari ikidondoka.

"Mnacheza nini?"

"Tunacheza siku ile," alisema Asmani. "Lakini Hamissi hajui kuwa mukubwa wa wale watu. Anaogopa. Tunataka weye, Shangazi. Sababu siku ile tuliogopa sisi wote, weye peke yako hukuogopa."

Shangazi akakaa chini kwenye mkeka. Akafuta mwiko kwa kidole.

"Nani amewaambia sikuogopa?" akasema. "Siku ile nilijikojolea. Nikiwa nimesimama, mbele ya wanaume. Ile kanga ya begani niliishusha kiunoni ili musione."

Tulimtazama. Mtu mzima, tena Shangazi Biasha, ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa ulimi wake. Sikujua kama inaruhusiwa kucheka. Asmani alianza, mimi nikafuata, na Shangazi mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka.

"Miye pia," alisema Keren.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ndogo sana. Shangazi hakumkimbilia wala kumkumbatia. Alisogea tu kwenye mkeka, akaacha nafasi.

"Basi njoo ukae huku kwetu," alimwambia, "sisi tuliolowa."