Moyo Uliokatazwa Jembe

Nyumbani kwetu homa ilitolewa kwa jembe. Mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake, wala sikuwahi kusikia mtu yeyote Ntobeye, kijijini kwetu wilayani Ngara, akiuliza kama ni sawa. Ukiamka mwili unauma na pua inatiririka, unakunywa chai ya moto, unapewa jembe, unakwenda kulima hadi shati lilowe. Jioni unaoga maji ya moto na kulala. Mara nyingi mtu alipona. Mama alipofariki nikabaki mkubwa wa nyumba, nimeacha shule kidato cha pili, na wadogo wawili nyuma yangu. Baba alikuwa ametangulia zamani. Nilirithi majembe pamoja na dawa hiyo.

Mdogo wangu anayenifuata, wa kiume, alikuwa na miaka kumi na tisa mafua yalipomshika. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, wakati wa kupanda maharage. Aliumwa kichwa, koo na viungo, akakohoa siku tatu. Nilimnunulia dawa ya malaria dukani bila kumpeleka kupimwa, akameza. Siku ya nne joto lilikuwa bado mwilini, lakini shamba lilikuwa linangoja, nikampa jembe. Aliniambia mikono yake haina nguvu. Nikamjibu kwamba nguvu zitakuja jasho likitoka. Alilima siku hiyo na iliyofuata. Jumamosi akafunga mikungu sita ya ndizi kwenye baiskeli, akaisukuma hadi gulioni, na njia ile ina mlima ambao hata asiye na mzigo husimama katikati akajifanya anatazama bonde.

Mafua yaliisha. Nikaona nimefanya vyema.

Wiki iliyofuata nilianza kuona mambo madogo. Akitoka chooni alisimama mlangoni kwanza kabla ya kuingia. Ugali aliuacha nusu. Asubuhi moja nilimkuta amekaa, ameegemea gunia la mahindi, macho mekundu. Alisema akilala chali hewa inapotea. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Moyo ulikuwa ukidunda kama kuku uliyemkamata anayetaka kuponyoka, unakwenda mbio, unasita, unakwenda tena. Miguu ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, pakabaki shimo.

Shimo lile ndilo lililonitia hofu. Mama alikuwa na miguu ya namna ile wiki zake za mwisho. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama nyuma yangu, naye akaliona. Alikwenda kutafuta viatu vya kaka yake.

Tulipanda pikipiki, yeye katikati, mimi nimemshika kwa nyuma. Nesi wa zahanati alimsikiliza kifua muda mrefu, akahamisha kipimo huku na huku, kisha akaandika barua ya rufaa akiwa amesimama. Alituambia tusimtembeze, hata hatua kumi.

Katika hospitali tuliyopelekwa, daktari alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha haraka cha mtu aliyekulia mbali na huku. Sisi nyumbani tunasema Kihangaza, kwa hiyo mara mbili nilimwomba arudie. Aliniita mama. Nikamwambia mimi ni dada yake. Alitazama mikono yangu, akatazama uso, akasema, "Samahani, dada." Kisha akauliza kama kabla ya pumzi kukata mgonjwa aliugua chochote, mafua, homa, kuhara. Nikasema hapana, pumzi ilikata juzi tu. Akauliza amekuwa akifanya kazi gani. Nikasema amekuwa nyumbani akipumzika.

Mdogo wangu alinitazama. Alikuwa hawezi kusema zaidi ya maneno mawili kwa pumzi moja, na hakunikosoa.

Nilidanganya kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na nje kwenye benchi alikuwa amekaa baba mdogo, aliyetufuata aliposikia habari. Mama alipozikwa, huyu ndiye aliyetaka kutugawa: mvulana aende Rusumo kubeba mizigo kwenye malori ya mpakani, msichana akakae kwa mkewe, na shamba alitunze yeye. Mbele ya ukoo alisema mtoto halei watoto. Nilikataa, na miaka minne nilikuwa nimekataa. Aliniahidi kwamba mmoja wao akiharibikiwa mikononi mwangu, hatarudi kuomba. Atakuja kuchukua.

Walimpiga picha ya kifua. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona moyo umekaa mpana kama mtungi, na weupe chini ya mapafu. Alinieleza mambo yanayoweza kuwa: kifua kikuu, nimonia, valvu za moyo zilizoharibika tangu utotoni. Aliuliza kama kijana anakunywa sana rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hakunywa. Waliweka mpira wa oksijeni puani na sindano ya kutoa maji mwilini, lakini daktari hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaniuliza tena.

"Dada, kijana wa umri huu hapati moyo wa hivi kwa siku mbili. Kuna kitu kilitangulia. Nisipokijua nitabaki kupapasa tu."

Nilitazama benchi. Baba mdogo alikuwa akichokonoa meno kwa njiti. Nikatazama kitandani, mshipa wa shingo ya mdogo wangu ukipanda na kushuka. Nikasema yote, mafua, dawa ya dukani, shamba, mlima, ndizi. Nikasema, "Jembe nilimpa mimi." Nilingoja kukemewa. Daktari alikuwa anaandika. Aliniuliza tu zilipita siku ngapi kati ya mafua na pumzi kukata, nami nikahesabu kwa vidole nikapata kumi na mbili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upande mwingine. Wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyopanda na kushuka bila mpango. Wakachukua damu kutazama kama msuli wa moyo unaumia. Unaumia, ndivyo majibu yalivyosema. Daktari alinieleza kwamba virusi vya mafua wakati mwingine huufikia moyo, na msuli wenyewe ukavimba. Wengine hupona bila kujua. Wengine moyo hulegea, damu haisukumwi vizuri, maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni.

"Jembe halikuleta ugonjwa," alisema. "Ila moyo uliovimba ukiufanyisha kazi nzito, unaumia zaidi."

Sentensi zote mbili ninazo hadi leo. Ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Baba mdogo alikuwa amesogea hadi mlangoni. "Umesikia mwenyewe," akaniambia. "Umemlimisha mtoto wa watu mpaka moyo umevimba."

Mdogo wangu alivuta pumzi mara mbili apate nafasi ya maneno. "Nililima," akasema, akasita, "shamba letu, baba." Daktari akamwomba mzee atoke nje, mgonjwa asiongeleshwe. Alitoka, na siku hiyo hakurudi.

Ili kuwa na hakika, daktari alihitaji kipimo cha kuuona moyo ukifanya kazi, na mashine hiyo ilikuwa Biharamulo. Tulipelekwa mchana huo kwa gari la wagonjwa, yeye ameegemezwa nusu kuketi. Tulipokuwa tumepita Nyakahura, macho yake yalipanda juu. Nesi aliyekuwa nasi akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, kisha akamwambia dereva neno moja kwa sauti ya chini. Gari likaongeza mwendo. Aliniambia nimwongeleshe. Nilimwambia maharage yameota. Nilimwambia mstari hadi mstari, upande wa migomba na upande wa njia, jinsi yalivyoota. Sikujua kama yameota. Macho yalirudi, akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Nesi hakuachia mkono hadi tunafika.

Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari akimpaka mdogo wangu mafuta ya baridi kifuani. Kwenye kioo nikauona moyo wake. Nilidhani moyo ni kitu kigumu. Ulikuwa na vyumba, na milango midogo iliyopepea, na ukuta mmoja uliojivuta kidogo tu, kama mkono uliokufa ganzi. Daktari alisema nguvu ya kusukuma damu haifiki nusu ya inayotakiwa. Alisema milango ya moyo ni mizima, kwa hiyo si ugonjwa wa tangu utotoni, na kwamba vipo vipimo vikubwa zaidi katika miji mikubwa, ila historia ya yale mafua na anachokiona vinalingana, naye hatapoteza siku kusubiri.

Tulikaa wodini wiki mbili, mdogo wetu msichana akilala kwa jirani. Kulikuwa na dawa ya kutoa maji, nyingine ya kuupunguzia moyo mzigo, nyingine, ilipofika siku za mbele, ya kutuliza mapigo. Chumvi ilikatazwa. Kila mara mashine ya pembeni ilipobadili mlio, niliinuka nikaweka kiganja kifuani kwake. Hakuna dawa ya kuua virusi vile, daktari aliniambia. Dawa kubwa ni kupumzika. Miezi sita bila jembe, bila baiskeli, bila mpira, bila hata ndoo ya maji.

Nikauliza kama atapona.

"Wengi wanapona," alisema. "Wengine moyo unabaki dhaifu. Wachache unasimama ghafla, tena wakati wanadhani wamepona. Siwezi kukuambia huyu ni wa kundi gani, binti yangu."

Tulirudi nyumbani na maneno hayo. Maharage yalikuwa yameota kweli, na magugu pia.

Kijijini kwetu mtu mzima anayebaki ndani wakati wenzake wanalima ni mwanamke aliyejifungua. Mwingine hayupo. Jirani yetu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, alipenda utani kuliko chakula. Alisimama uani akauliza, "Mzazi anaendeleaje? Ni wa kike au wa kiume?" Kesho yake akaleta uji kabisa, wa mzazi. Mdogo wangu alicheka. Lakini vijana wa kikundi cha kulima nao wakalichukua jina, wakawa wakipita na majembe wanamwita mzazi, na mwezi wa tatu wa mapumziko ulipofika alikuwa hacheki tena. Kwa kumtazama alikuwa mzima. Miguu ilikuwa imerudi, alilala chali, alikula. Mimi peke yangu ndiye niliyeona chini ya shati ukuta ule uliokufa ganzi.

Siku moja nilirudi kutoka shambani baiskeli haipo. Sikumbuki nilivyoshuka ile njia. Nilimkuta mwanzoni mwa mlima amekaa kwenye majani, baiskeli imelala pembeni na mkungu mmoja tu wa ndizi, mkono uko kifuani. Jasho lilikuwa linamtoka usoni. Nikapiga magoti nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake. Moyo ulikwenda, ukasita, na katika kule kusita nilikuwa tayari nimemzika. Ukaendelea.

"Nilitaka kujua kama bado ni mwanamume," alisema.

"Nimekwisha kukupa jembe ukiwa mgonjwa," nikamwambia. "Usinifanye nichimbe na kaburi."

Tulikaa pale hadi mapigo yakatulia, na ilichukua muda mrefu. Baiskeli niliipeleka kwa yule jirani, nikamweleza kwa nini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania. Aliiingiza chumbani kwake akafunga, na jioni ile nilimsikia njiani akiwaambia wale vijana kwamba atakayesema tena mzazi, yeye mwenyewe ataitwa mama mkwe mbele ya watu wa gulio zima.

Nililima na mdogo wetu msichana siku za Jumamosi, na peke yangu siku nyingine. Nusu ya shamba ilibaki pori. Mdogo wangu alichambua maharage akiwa amekaa, akamfundisha mdogo wake hesabu, akameza vidonge mbele yangu. Baba mdogo alipita mara moja, akatazama pori lile, akasema tutaona. Nikamwambia karibu uketi. Hakuketi.

Mwezi wa saba tangu atoke wodini tulirudi Biharamulo. Safari hii sikuthubutu kutazama kioo. Nilitazama uso wa daktari. Alisogeza kipimo kifuani muda ambao ningeweza kulima tuta zima. Kisha akasema nguvu imeongezeka sana. Haijafika ya kijana mzima, lakini imeongezeka. Vidonge viendelee. Kazi nyepesi anaweza kuanza, taratibu. Homa yoyote ikija, ni kitandani na kupimwa, si vinginevyo. Mdogo wangu akauliza habari ya baiskeli. Daktari akasema sawa, bila mzigo, kwenye tambarare.

"Ngara tambarare iko wapi, daktari?" akauliza, na daktari akacheka hadi akavua miwani.

Kutoka hospitalini kwenda stendi kuna mwinuko mdogo. Alitangulia yeye, mimi nyuma, masikio yangu yote kwenye pumzi zake. Nilisikia kuhema, nikamwambia apunguze mwendo. Akageuka.

"Dada, anayehema ni wewe."

Nilisimama nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Hata hivyo niliendelea kuhesabu hatua zake hadi tulipofika kwenye basi.